Lovina Stroud na Herini za Dirishani

Lovina Stroud hakuwa mtu wa kupendeka kirahisi, nami sitampamba kwa sababu tu yuko kaburini. Akikuchukia, alikuambia. Akikupenda, ilibidi ukisie. Mimi niliolewa na mdogo wake, Horace Tibbet, na siku ya harusi yetu, wanawake wengine wakinibusu na kunitakia heri, yeye alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Wifi, huyu mdogo wangu anapenda sana sauti yake. Mwache aongee. Ila ufunguo wa stoo ushike wewe." Nililishika neno lake, na tangu siku hiyo tukapatana.

Mumewe alikuwa fundi wa matandiko ya farasi hapa Medlin, Nebraska, na farasi ndiye aliyemuua, kwa teke moja la tumbo, Alden akiwa bado anatambaa. Watu walitegemea Lovina atauza duka arudi kwa baba yake shambani. Badala yake aliketi kwenye kigoda cha marehemu, akapaka uzi nta, akaanza kushona. Wanaume walicheka. "Hatamu iliyoshonwa na mwanamke," walisema, "farasi akiiona tu atakufa kwa aibu." Baada ya miaka michache walewale walikuwa wanapita maduka mawili mengine njiani kuja kwake, kwa sababu hatamu yake haikukatika.

Alden akakulia humo dukani, kwenye harufu ya ngozi na mafuta. Alikuwa na lile ambalo mama yake hakujaliwa: watu walimpenda kabla hajafungua mdomo. Mrefu, nywele za rangi ya majani ya ngano, mcheshi. Akiingia ghala la nafaka la mjomba wake, vibarua waliacha magunia ili wamsikilize. Lovina alikuwa akimkaripia mbele za watu, na akigeuka tu kumpa mgongo, unamwona anatabasamu kwenye ngozi aliyoishika.

Mwaka 1898 meli yetu ya kivita ililipuka bandarini Havana, Kyuba, iliyotawaliwa na Wahispania, na nchi nzima ikapandwa na wazimu. Horace alipanda juu ya mkokoteni mbele ya ghala lake akahutubia mpaka sauti ikamkauka. Wahispania ni wakatili! Wakyuba wanateseka! Nasi ni taifa gani, kama hatuwezi kumkomboa jirani? Lovina naye alikuwa upande wa vita, msije mkadhani alizaliwa mpinzani. Aliwaonea Wakyuba huruma ya kweli. Alden alipojiandikisha, mama yake alimshonea mkanda wa ngozi bora kuliko ule wa serikali, akampeleka stesheni, akamwambia, "Nenda, rudi na miguu yako miwili." Hakulia. Alilia baadaye, nyuma ya duka, akidhani sijamwona.

Basi wakati sisi tunamwazia Kyuba, jeshi likampeleka upande mwingine kabisa, ng'ambo ya bahari kubwa, Ufilipino, nchi nyingine iliyotawaliwa na Wahispania. Hakuna mtu hapa Medlin aliyejua nchi hiyo iko wapi. Horace alikwenda shuleni akalizungusha tufe la dunia kwa kidole, akavikuta hivyo visiwa mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka.

Wahispania wakashindwa upesi. Tukasema, haya, watoto watarudi. Kumbe wenye nchi walikuwa wamekwisha kupigana na Wahispania kabla yetu, wana jeshi lao, wana serikali yao, nao walidhani tumekuja kuwasaidia kisha tuende zetu. Lakini serikali yetu ilikaa na Wahispania huko Paris, ikainunua nchi ile kama mtu anavyonunua shamba pamoja na ng'ombe waliomo. Wenye nchi walipokataa kuuzwa, bunduki zikageuzwa kwao.

Horace hakuona tatizo. Jioni alikuwa anatandaza ramani juu ya meza yangu ya kulia.

"Cordie, tazama. Hapa Manila. Hapa Uchina, karibu hivi. Unajua Wachina wako wangapi? Milioni mia nne! Kila mmoja akila andazi moja tu la unga wa Nebraska—"

"Nani kakwambia wanataka maandazi yako?"

"Watataka. Tutawafundisha kutaka."

"Toa ramani yako, nataka kuweka sufuria."

Alden alirudi mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1899. Medlin ilijenga tao la miganda ya ngano juu ya barabara ya stesheni. Ng'ombe alichomwa mzima. Mchungaji wetu alihubiri kuhusu taa ya ustaarabu ambayo vijana wa Nebraska wameipeleka kwa waliokaa gizani, na Alden alikaa kiti cha mbele katika sare zake, kachomwa na jua, kakonda, mzuri wa kutazamwa. Lovina alikaa kando yake. Sijapata kumwona amenyooka mgongo vile.

Jumapili hiyo tulikula kwake, sisi wanne tu: yeye na mwanawe, Horace na mimi. Alikuwa amekaanga kuku, amechemsha mahindi mabichi, na pai ya matufaha ilikuwa inapoa dirishani. Tulipofika katikati ya chakula Alden akafuta mikono, akatia mkono mfukoni.

"Mama, fumba macho. Toa kiganja."

Akamwekea herini mbili za dhahabu. Ndogo, za kazi nzuri, kila moja ina lulu kama punje ya mtama. Lovina alifumbua macho akaona haya kama msichana. Masikio yake hayakuwahi kutogwa.

"Nzuri mno," alisema. "Kule Manila kuna sonara wa maana, kumbe."

Alden akacheka. "Sonara! Mama, kule sisi tulikuwa hatununui."

Horace naye akacheka, akijiandaa kusikia kisa. Na Alden alijua kusimulia. Akatuambia kuhusu kijiji kiitwacho Santa Oliva, kando ya mto. Kuna mtu aliwafyatulia risasi kutoka huko, nani hawakumjua. Kapteni akaamuru kijiji kichomwe chote. "Zile nyumba ni mianzi na nyasi, mjomba. Unagusa kiberiti, inaondoka kama karatasi. Tulikuwa tunashindana upande huu na upande ule wa njia. Sasa kuna mwanamke mmoja akaganda mlangoni kwake. Namwambia toka, hasikii. Anapiga kelele kwa lugha yao. Nikaona herini zinameremeta, nikasema, hizi zisiungue bure."

"Na yeye?" Lovina aliuliza.

"Yeye nani?"

"Mwenye masikio."

"Mama, nipe hivyo viazi basi."

"Nimekuuliza, Alden."

Alden akatazama sahani yake. "Alirudi ndani."

"Nyumba inawaka, akarudi ndani?"

"Ndiyo. Ni watu wa ajabu, mama. Si kama sisi. Ungewaona ungenielewa."

Horace aliinua uma akautua tena. Lovina aliziweka herini mezani, mojamoja, polepole, kama mtu anayetua mayai. Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuwaambia wateja kwamba tandiko litakuwa tayari Alhamisi:

"Maliza kula. Halafu chukua mfuko wako uende."

Alden alidhani ni mzaha. "Niende wapi?"

"Kwa mjomba wako. Anapenda visa."

"Unanifukuza? Mimi? Kwa sababu ya mwanamke ambaye hata jina lake hulijui?"

"Humu ndani kuna chumba cha mwanangu," Lovina alisema. "Wewe sijui umelala humo kwa ruhusa ya nani."

Horace akaruka. "Dada, una kichaa! Mtoto katoka vitani! Vita ni vita!"

"Horace, mdogo wangu, wewe vita vyako umevipigana juu ya mkokoteni. Nyamaza nyumbani kwangu."

Tuliondoka na Alden. Alikuwa amepauka, kisha njiani akaanza kupiga mluzi, kisha akanyamaza. Alikaa kwetu tangu siku hiyo. Mimi nilimpikia na kumfulia kwa kuwa alikuwa mtoto wa nyumba, lakini sikuweza tena kucheka visa vyake, naye alilijua hilo.

Siku mbili tatu baadaye nilikwenda dukani nikamkuta Lovina anashona, macho mekundu. Nikamwambia pengine kijana alikuwa anajisifu tu, wanajeshi hutia chumvi.

"Wifi," alisema, "mimi najua uso wake akisema uongo. Nimeutazama tangu ana meno mawili. Siku ile ningemshukuru Mungu kama angekuwa anadanganya."

Kisha akanionyesha dirisha la duka. Katikati ya lijamu na hatamu alikuwa amepigilia msumari, akazitundika zile herini mahali ambapo kila anayetoka stesheni angeziona. Chini yake kulikuwa na kibao, herufi kubwa zilizonyooka: *Mali ya mwanamke wa Santa Oliva, Ufilipino. Hazikununuliwa.*

"Lovina," nikasema, "utaona cha moto."

"Wamekiona wenzangu."

Basi akakiona. Mwanzo watu walidhani ni urembo unaouzwa, wakaingia kuuliza. Akawajibu, kwa maneno machache yasiyo na kona, na kila aliyeingia akatoka na shingo nyekundu. Kabla ya juma kuisha mji mzima ulijua. Mchungaji akaja mwenyewe na kofia mkononi.

"Dada Lovina, unamwaibisha shujaa. Na unamwaibisha Bwana."

"Mchungaji, wewe ulituhubiria taa. Mimi nimeelezwa mezani kwangu jinsi taa hiyo ilivyowashwa. Unataka nikusimulie?"

Mchungaji hakutaka. Alivaa kofia yake akiwa bado ndani.

Wateja wakaanza kukata mguu. Wanawake waliokuwa wakimwita kwenye mikutano ya kushona wakasahau njia ya kwake. Kuna aliyetupa kicheche aliyekufa ndani ya pipa lake la maji ya mvua, na ukiujua uvundo wa kicheche unaelewa kwamba pipa hilo halikufaa tena. Kuna aliyepaka kinyesi cha nguruwe kitasani. Barabarani vijana waliokuwa wakimwamkia sasa walimwimbia: "Mama Mfilipino! Mama Mfilipino! Mumeo yuko msituni?" Naye hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. "Bora msituni," alijibu, "kuliko baba yako aliyeko baa tangu asubuhi."

Aliyebaki ni mzee Dietz, mkulima Mjerumani wa ng'ambo ya mto, aliyekimbia kwao akiwa kijana ili asiingizwe jeshini. Aliendelea kuleta kazi zake zote, hata zile ambazo angeweza kuzishona mwenyewe. Nadhani alikuwa anazikata kamba kwa kisu ili apate sababu.

Siku ya uhuru, Julai ya mwaka 1900, waliunda mwanasesere wa matambara, wakamvika aproni ya ngozi kama ya Lovina, wakamtia herini za shaba, wakamchoma katikati ya barabara mbele ya duka lake. Umati ulipiga makofi. Mlango ukafunguliwa. Lovina akatoka, akasimama mikono kiunoni, akamtazama kwa makini yule mwanasesere anavyoungua, kama anakagua kazi.

"Nani kashona hii?" akauliza. "Mshono wa bega umeachia. Mngeniletea mimi."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajuta kucheka. Wengine wakaanza kutawanyika. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na Horace, na Horace alisema kwa meno yaliyoumana, "Ataniua huyu mwanamke." Alikuwa na sababu. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na Horace alikwishaamua kwamba mpwa wake atagombea kiti cha bunge la jimbo. Nebraska yetu ilikuwa imegawanyika juu ya visiwa vile. Walikuwepo waliosema hadharani kwamba taifa lililozaliwa kwa kumkataa mfalme halina haki ya kumfanya mtu mwingine mtumwa wake. Lakini upande wa Horace ulikuwa na bendera nyingi zaidi, bendi ya tarumbeta, na kijana mrefu aliyevaa sare.

Akaenda kwa dada yake. Nilifuatana naye, kwa maana nilijua wakiachwa wawili watatoana roho.

"Dada, ondoa hizo takataka dirishani. Nakuomba kwa heshima."

"Heshima umeanza lini?"

"Unaelewa unachokifanya? Huyu kijana anakwenda bungeni. Kesho anaweza kuwa gavana. Na dunia inabadilika, dada! Waingereza wana dunia nusu. Wajerumani wanachukua. Wafaransa wanachukua. Sisi tukae tunakamua ng'ombe? Tusipochukua sisi, atachukua mwingine!"

"Hivyo ndivyo wezi wanavyoambiana mlangoni," Lovina alisema.

"Unaniita mwizi?"

"Nilikuwa naongea na dunia. Kama kofia imekutosha, ivae."

Horace alipiga meza ngumi, kopo la nta likaanguka. Nikamshika mkono nikamtoa nje. Aliapa kwamba hana dada, na kwa kweli tangu hapo hakumsalimia tena, ingawa walipita barabara moja.

Aliyekuja kumaliza jambo ni Alden mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, siku ya soko, magari ya farasi yamejaa barabara nzima. Alikuwa ametoka kuhutubia, na nyuma yake kulikuwa na kundi la watu waliokuwa bado wanapiga kelele za shangwe. Nilikuwa dukani kwa Lovina, nimemletea mkate. Alisimama mlangoni, amejaza mlango wote, na watu wakajipanga nyuma yake na kwenye dirisha.

"Mama. Nimekuja kuchukua kilicho changu."

"Humu hakuna chako."

"Nilikupa zawadi, umeikataa. Basi inarudi kwangu."

Lovina hakuinuka kwenye kigoda. "Nijibu swali moja, kisha ufanye utakalo. Kwa nini alirudi ndani?"

"Mama, usianze."

"Mtu mzima haingii kwenye moto. Nimelala na swali hili mwaka mzima. Alirudi kufuata nini?"

"Nitajuaje mimi?"

"Unajua. Nakuona usoni."

Alden aligeuka kuwatazama watu wake, akatabasamu kama anavyotabasamu jukwaani, lakini mdomo haukumtii. Mtu wa nyuma alipaza sauti, "Zichukue twende, Alden!" Nadhani angefanya hivyo, angeondoka bila neno, kama mama yake asingesema, taratibu kabisa, "Mwanangu."

Hapo akalipuka. "Kulikuwa na mtoto! Umefurahi? Kulikuwa na mtoto ndani analia, na yeye alikuwa anataka kupita amfuate, na mimi nimemshika sikio! Nimemshika hivi! Zilikuwa hazitoki! Zilipotoka ndipo akapita! Basi! Sasa umejua, umepata nini?"

Nilisikia farasi mmoja anatafuna lijamu. Lovina alikuwa ameshika ukingo wa meza na vidole vyake vilikuwa vyeupe.

"Wote mmesikia," alisema.

Walisikia. Niliwatazama mmoja mmoja, watu ninaowajua, waliokula kwangu. Wengine walitazama viatu vyao. Kisha sauti ileile ya nyuma ikasema, "Vita ni vita," na mwingine akaidaka, "Ndiyo, vita ni vita," na ukaona mabega yanashuka, watu wanapumua. Neno lilikuwa limepatikana la kujifunika.

Alden akapita, akanyoosha mkono dirishani, akazing'oa herini pamoja na msumari. Alipotoka alinipita karibu. Alikuwa analia, machozi yanamtiririka bila yeye kuyajali, na watu wakampigapiga mgongo, wakampa kofia yake, wakamwondoa.

Nilimpa Lovina maji, akayakataa. Kisha akachukua brashi na wino, akageuza kile kibao upande wa pili, akaandika: *Zimechukuliwa mara ya pili, na mtu yuleyule.* Akapigilia msumari mpya, usio na kitu, akakitundika kibao chini yake.

Novemba Alden alishinda, tena kwa kura nyingi. Rais aliyevichukua vile visiwa naye alishinda, hata hapa Nebraska. Horace alifanya karamu kubwa nyumbani kwetu. Mimi niliandaa meza kwa kuwa ndiyo kazi iliyonipasa, lakini supu ile sikuitia chumvi, na nilifurahi kuona waheshimiwa wanaimeza huku wanaisifu.

Bungeni Alden alikaa muhula mmoja tu. Nasikia alikuwa anakunywa sana na kusema machache. Kisha akarudi kulekule Manila, safari hii na kampuni ya mbao, na mpaka leo ninapoandika yuko huko, mnene, ana kiwanda cha kupasua magogo na watumishi wengi. Hutuletea picha. Siku alipoondoka Medlin ilimlazimu kupita mbele ya duka kwenda stesheni. Lovina alikuwa mlangoni anashona kwenye mwanga. Alden alivua kofia. Mama yake alikata uzi kwa meno, akachukua uzi mwingine.

Aliniambia siku moja kwamba hakumchukia. "Ningemchukia ningelala," alisema. "Nawachukia waliosema vita ni vita. Yeye alikuwa analia, wifi, ulimwona? Wangemwacha alie pale dukani dakika chache tu, ningempata mwanangu. Wakampa kofia."

Mwaka 1904 yakaja yale maonyesho makubwa ya dunia kule St. Louis. Magazeti yaliandika kwamba serikali imeleta Wafilipino zaidi ya elfu, wenye vijiji vyao kamili, ili wananchi wakawaone. Lovina akafunga duka. Horace alinikataza kufuatana naye, kwa hiyo nikafuatana naye.

Sitasahau joto lile na vumbi, na watu wanakula aiskrimu huku wanatazama watu wengine wakipika. Kulikuwa na uzio, na wazungu wenzetu wakinyoosha vidole. Lovina alitembea kama anayekwenda kanisani. Alikuwa amevaa nguo yake nyeusi. Tulifika kwenye kijiji cha wafumaji, nyumba za mianzi, na barazani mwanamke wa makamo alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kufumia, mbele yake vitambaa vya kuuza, vyepesi kama ngozi ya kitunguu. Alikuwa anajua Kiingereza, tena kizuri. Tulimsikia akitaja bei.

Lovina akamsogelea. Nilijua maneno hayo aliyafanyia mazoezi kwenye treni, kwa sababu niliona midomo yake inacheza njia nzima.

"Mama," alisema, "mwanangu alikuwa askari kwenu. Alifanya ubaya. Nimekuja kusema—" Na hapo sauti ikamkatika, Lovina yule ambaye hakuwahi kukosa neno.

Mwanamke yule hakuacha kufuma. Alisubiri kidogo, kisha akasema bila kuinua macho:

"Wewe si wa kwanza leo. Wote wana mtoto aliyekuwa kwetu. Wanalia, halafu wanauliza bei."

"Mimi sikuja kuuliza bei."

"Basi wapishe wanaonunua. Mimi nina kazi."

Nilidhani Lovina atajibu. Aliitazama mikono ya yule mfumaji inavyokwenda. Kisha akainamisha kichwa, jambo ambalo sikumwona akilifanya mbele ya mtu yeyote wa Medlin, akasogea pembeni. Mwanamke mnene mwenye mwavuli akachukua nafasi yake akaanza kupapasa vitambaa.

Kwenye treni ya kurudi nilianza kumlaumu yule mfumaji. Nikasema angalau angemsikiliza. Mtu kasafiri mwendo wote ule.

"Anisikilize kwa nini?" Lovina alinikatiza. "Nilikwenda ili mimi nijisikie nafuu. Kaniona, kanikatalia. Ningekuwa yeye ningenitemea mate." Kisha akageukia dirisha. Mashamba ya Missouri yalikuwa yanapita, mahindi yamesimama. "Fundi mzuri yule," alisema baadaye. "Umeona alivyokaza uzi?"

Aliishi miaka mingine michache. Wateja walirudi mmoja mmoja, bila kuomba radhi, kwa sababu hatamu zilizotoka kiwandani zilikuwa zinakatika, na yeye aliwapokea bila kuwasamehe. Waliingia, walitaja shida yao, walichukua kazi yao wakatoka. Hakumkaribisha mtu kahawa isipokuwa Dietz na mimi. Kanisani hakurudi. Nimonia ilimchukua katika majira ya baridi makali, kwa siku chache tu, akiwa na ulimi wake uleule. Daktari alipomwambia atapona, alimwambia akajifunze kudanganya kwanza.

Horace ndiye aliyekuja na wazo la jiwe. Alitaka jiwe kubwa, la marumaru, na alikuwa amekwisha kuandika maneno kwenye karatasi: *Lovina Stroud, Mama Mpendwa wa Mheshimiwa Alden Stroud, Shujaa wa Manila.* Alinisomea mezani, macho yamemlowa.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Halichongwi hilo."

"Cordie, mimi ndiye ndugu yake. Mimi ndiye ninayelinunua jiwe."

"Linunue. Ukiandika neno shujaa juu ya mwanamke yule, mimi mwenyewe nitakwenda na nyundo, mchana kweupe, siku ya soko, na kila mtu atamwona mke wa Horace Tibbet anavunja kaburi. Unanijua."

Nadhani alikuwa anapima kama kweli ningefanya.

"Sasa tuandike nini?" akauliza.

"Jina lake. Na kazi yake."

"Kushona hatamu? Juu ya marumaru?"

"Ndiyo, Horace. Kushona hatamu."

Akakunja karatasi, akainuka, akaenda ghalani bila kumaliza chai. Hakunisemesha mpaka masika. Lakini jiwe liko pale, mnaweza kwenda kulisoma.